Dola 9000 na hekta 11: nikamate trakteri gani?

Mama mumoja wa hapa Lubumbashi ameniandikia, nafupisha kidogo: "Muzee, jambo. Niko na shamba ya hekta 11 ku barabara ya Kasenga, nalima mahindi na soja kidogo. Kila mwaka nalipa bantu ba jembe na habamalizaki mbele ya mvua. Tulicheza likelemba na wenzangu, pamoja na makuta ya bunga nimefikisha dola 9000. Kuna mwenye ananiuzia katrakteri ka Japani, farasi 20, mipira yote ine inavuta, kanang'aa sawa kapya, na freze yake nyuma, ile ya bisu bya kuzunguka, dola 6200. Mwingine iko na ya India, farasi 40, okazio, inavuta na mipira ya nyuma tu, bila kifaa hata kimoja, dola 7800. Mutoto wa yaya yangu anasema niache yote, ninunue motokilteri mupya ya China, ile ya kutembea nyuma yake. Nikamate ipi?"

Jambo Mama, aksanti kwa kunitumainia. Nitajibu murefu, utanisamehe, juu swali lako njo lile bantu bananiletea hapa garaji kila mwaka kuanzia mwezi wa nane, wakati jua linachoma na kila mutu anakumbuka kama iko na shamba. Na karibu bote banaanzia fasi ulianzia, farasi ngapi na bei ngapi. Mimi nauliza kwanza kintu ingine: shamba iko na bisiki? Iko na bichuguu? Unataka kulima mwezi gani? Juu trakteri haivutaki na farasi, Mama, inavutaka na uzito, na siku itakufia katikati ya shamba haitaamshwa na rangi yake, itaamshwa na piesi yenye kupatikana. Uzito na piesi, bile bibili njo bitakuchagulia. Farasi inakuja ya tatu.

Tupige hesabu ya kazi yenyewe mbele ya kuongea mashini. Sharu, ile jembe ya kuvutwa na trakteri, ikiwa ya disiki mbili, zile disiki za inchi 26, inakata kama sentimeta 55 kwa kupita mara moja. Trakteri ikitembea kilometa 5 kwa saa, ukitosha wakati wa kugeuka, wa kuzunguka bichuguu, wa shofere kushuka kuvuta muzizi wenye umekwama, unabakia na robo tatu tu ya kazi ya kweli, ni kusema hekta moja inakamata masaa tano. Hekta 11 ni masaa 55, ukitumika masaa saba kwa siku ni siku nane. Kisha unapita na erse ya disiki, ile ya kuvunja mabonge, yenye upana wa metre moja na nusu na kidogo, ile inaenda mbio, saa moja na nusu kwa hekta. Kwa hiyo yote ni kama juma mbili, na ndani yake nimeweka siku ya Mungu na siku ya kuharibika, juu ya kuharibika itakuja tu, usijidanganye. Mazutu: trakteri ya farasi 40 ikiwa mu sharu inakunywa kama lita 5 kwa saa, hekta moja lita 25, ukiongeza erse unafika lita 33 hivi, mwaka wote lita 350 mpaka 400. Andika ile ku karatasi leo, juu muuzaji hatakuongeleaka mazutu.

Sasa motokilteri ya mutoto wa yaya yako. Simucheki, ile mashini ya silinda moja, farasi 12, iko ya nguvu na ya kutengeneza rahisi, kijana yeyote mwenye alitengenezaka mulini ya bunga anaijua moteri yake. Lakini inalima upana wa sentimeta 60 na mutu anatembea nyuma. Ukigawanya hekta moja na sentimeta 60 unapata karibu kilometa 17 za kutembea mu mabonge. Hekta 11 ni kilometa 180 na kupita. Ni kutoka hapa Lubumbashi kwa miguu mpaka Likasi, kupita Likasi, na kuongeza kilometa 60 ku barabara ya Kolwezi, mikono inatetemeka kutwa. Na hiyo ni kupita mara moja tu. Mutu akiniandikia toka Bukavu, na shamba ya nusu hekta ku kilima cha Walungu, nitamwambia motokilteri bila kufikiri mara mbili, juu kule trakteri inaweza kumupindukia. Kwako ni tambarare na ni hekta 11. Muulize yule kijana kama njo yeye atatembea.

Tubakie na hizi mbili. Ile ya Japani naijua bila kuiona, Mama, juu nimezifungua nyingi: Kubota, Yanmar, Iseki, zote ziko kazi ya akili sana, moteri inatumika miaka na miaka. Lakini zile za okazio zenye kutoka kule zilitengenezwaka kwa mashamba ya muchele ya Japani, udongo laini wa maji, shamba ndogo sawa uwanja wa basketi, hakuna kisiki hata kimoja. Kule freze inatosha, juu freze haiombi trakteri ivute, inaomba tu izungushe, na yenyewe kwa kuzunguka inaisukuma mbele. Njo maana wakaifanya nyepesi. Ile ya farasi 20 haifiki tani moja, iko mu kilo 800, 900. Lete sasa ile freze mu shamba yako ya Kasenga. Kama ulifunguaka pori miaka ya nyuma, unajua mizizi ya muombo haiozaki haraka. Kisu cha freze kinazunguka kwa nguvu, kinagonga kisiki, kinapinda ama kinakatika, na ule mugongano hauishii ku kisu, unapanda ku kardani, ile fimbo ya kuzungusha kifaa cha nyuma, unaingia mu giaboksi. Niko na sanduku mzima ya bisu byenye kupinda hapa nyuma ya garaji, batoto banabichezea.

Utaniambia, basi ninunulie kale katrakteri sharu. Sharu ya disiki mbili ikishuka sentimeta 20 mu udongo wetu mwekundu wenye bado uko na unyevu, inaomba mvuto wa kilo 700 mpaka 900. Na trakteri, hata iwe na farasi ngapi, inavuta kama nusu ya uzito wenye kukandamiza mipira yenye kuvuta, hiyo ni wakati udongo uko muzuri, ukiwa laini ama mukavu wa vumbi ni chini yake. Kale ka kilo 850, mipira ine yote inavuta, sharu ya kilo 300 ikikaa nyuma unafika kilo 1150, nusu yake ni kilo 575. Haitoshi. Mipira itazunguka fasi moja, itachimba shimo, na moteri itabakia inaimba muzuri kabisa juu haichoki hata. Farasi ziko mule, lakini hazina miguu.

Ile ya India ya farasi 40 inapima karibu tani mbili. Mipira ya mbele haivuti, kwa hiyo tuhesabu tu uzito wa nyuma, tuseme kilo 1250, sharu yenyewe inaongeza 300, nusu yake kilo 775. Inafika, lakini inafika na vidole. Njo hapa nakupatia dawa ya bure, ile bafermier ba Zambia banaifanyaka tangu zamani: ujaze maji mu mipira ya nyuma. Unainua, unazungusha mpaka valvu inakuwa juu, unatia maji mpaka yafike ku valvu, ni kusema robo tatu, juu yake unaacha hewa. Mupira wa saizi 13.6-28 unapokea karibu lita 200. Miwili ni kilo 400 za uzito na hukulipa kintu. Kule Bazungu banaogopa baridi igandishe, hapa hata mwezi wa saba wenye tunavaa makoti, maji ya ndani ya mupira hayatakuwa barafu.

Na kanuni ya disiki, uishike mu kichwa: kila disiki moja uihesabie farasi 15 hivi. Farasi 40 ni disiki mbili, inakuwa na pumzi kidogo ya ziada. Muuzaji akikuambia "hii inavuta tatu", mwambie avute mbele yako, mu shamba, na usikubali uwanja wa mchanga. Mbona disiki, na si ile sharu ya kisu yenye kupindua udongo muzuri zaidi? Juu disiki ikikutana na kisiki inapanda juu yake, inazunguka na kushuka ngambo, kisu chenyewe kinashika mpaka kintu kikatike. Siku shamba yako itakuwa safi kabisa tutaongea tena.

Kintu ingine chenye bantu habafikirii, na kiko bei ya bure vilevile: mwezi. Hapa Lubumbashi tunazoea kungojea mvua ya kwanza, mwezi wa kumi na kufikia kumi na moja, halafu bote banatafuta trakteri kwa siku ileile. Mwezi wa nane na wa tisa udongo ni tofali, usijaribu, utavunja sharu na utakula mazutu. Lakini mwezi wa ine na wa tano, kisha kuvuna, udongo ungali na maji ndani. Ukilima ule wakati, mabua yanafunikwa na kuoza, na mvua ya kwanza ikinyesha unapita na erse tu na unapanda, wakati jirani angali anagombana na shofere wa kulipia. Mutu mwenye analimaka mwezi wa tano anaweza kufanya na trakteri ndogo kazi yenye mwenzake anaombea kubwa. Kwa hiyo usiharakishwe na mvua hii yenye inakuja. Muuzaji anajua unaogopa mvua, njo maana bei iko juu saa hii.

Makuta sasa. Iko na 9000, na macho yako iko ku 7800. Ukiipata kwa ile bei unabakia na 1200, na bado huna sharu, huna erse, hujalipa gari ya kuibeba mpaka shamba, hujabadilisha mafuta, filtere, mukanda, batri. Trakteri bila sharu ni motokari ya polepole. Mimi nagawanyaka hivi: ukiwa na dola kumi, sita ni za trakteri, mbili na nusu ni za bifaa bya nyuma, moja na nusu haiguswi, inalala. Ile ya kulala njo itakutosha mu haya mwezi wa kwanza, wakati pompe ya maji inaanza kulia. Kwa hesabu hiyo trakteri yako haiwezi kupita dola 5500, 6000 kama iko na mipira mizima. Muuzaji atacheka. Muache acheke, urudie mwezi wa kwanza wakati hakuna mutu anamutafuta.

Piesi. Hapa niko na mapendeleo yangu na siyafichi. Kama unaweza kupata trakteri yenye kuwa ya ukoo wa Massey Ferguson, kamata ile. Muzee wangu alinifundishaka kazi ku MF 135, ile balitengenezaka toka 1964 mpaka 1975, na mpaka leo naweza kupata segma zake na shemize zake, ni kusema pete za pistoni na nyumba zake, juu moteri yake ya Perkins ya silinda tatu balienda nayo mpaka ku MF 240, na India kule kampuni ya TAFE inatengenezaka Massey mpaka saa hii. Ni kusema mutu akiwa Chingola ama Ndola, kule Zambia, anaingia mu duka anatoka na piesi mu karatasi ya kahawia. Mahindra na Sonalika nazo sina neno mubaya juu yake, ziko nzito, za kawaida, hazina umeme wa kujidai. Lakini ile ya Japani ya okazio, hata jina likiwa kubwa namna gani, namba yake ni ya soko la kwao, vibandiko byote biko na maandishi ya kijapani, ukienda kwa mwenye kuuza piesi za jina lilelile anaangalia kitabu chake, haiko. Na mipira yake, 8.3-20 ama 9.5-22, utaitafuta mpaka uchoke, na ukipata utalipa sawa unanunua dawa.

Fanya hivi mbele ya kutosha dola hata moja: andika namba ya moteri na aina, tuma mutu Kasumbalesa ama nenda mwenyewe, uulize piesi tano tu, filtere ya mafuta, disiki ya anbreyaji (ile klachi), pompe ya maji, rulema (ile beringi) ya mupira wa mbele, na joan ya kichwa cha moteri, ile ya kuzuia kuvuja. Ukipata tatu kwa tano siku ileile, iko trakteri ya kutumika. Ukipata moja ama hakuna, iko pambo.

Sasa namna ya kuiona, na hapa nitakaa, juu hapa njo bantu banaliwaka.

Nenda saa kumi na mbili asubuhi, bila kupiga simu. Weka mukono ku moteri. Ikiwa moto, muuzaji ameisha kuiamsha mbele yako, uliza juu ya nini. Moteri ya mazutu yenye kuchoka inakataa kuamka ya baridi, ikiisha kupata moto inakuwa malaika. Iamshwe ya baridi, mu masikio yako. Moshi mweupe kidogo mwanzoni si neno, moshi wa bluu wenye hauishi ni mafuta yanaungua, segma zimekufa. Kisha, moteri inazunguka, fungua kifuniko cha kutilia mafuta. Kuvuta kidogo iko sawa. Ikipumua sawa babula yenye makala mabichi, funga, salimia, rudia nyumbani. Chomoa ile fimbo ya kupimia mafuta ya giaboksi, uangalie rangi: ikifanana na chai ya maziwa, kuna maji ndani, na maji yalikuwemo muda gani hakuna mwenye atakuambia.

Anbreyaji: weka vitesi ya juu, kanyaga fereni kwa nguvu, achia anbreyaji polepole. Moteri inapashwa kuzimika. Isipozimika, disiki imekwisha, na kuifikia ile disiki ni kupasua trakteri katikati. Relevaji, ile mikono ya nyuma: iinue na uzito wa kweli, sharu ya mutu mwingine ama bijana babili banakaa juu, zima moteri, kunywa chai. Ikishuka mbele ya chai kwisha, joan za ndani zinavuja. Inua mbele na jeki, shika mupira juu na chini, tikisa. Ikicheza sana ni pivo, haiko kifo, lakini ni makuta ya kupunguza ku bei. Na usisome ile saa ya masaa. Saa inageuzwa, pedali haigeuzwi. Masaa 900 na pedali ya anbreyaji imekulika mpaka inang'aa sawa kijiko? Ile ni 9000.

Nakuelezea yangu juu usione sawa najua yote. Miaka ya nyuma nilinunulia mukiriya wangu mumoja trakteri ya farasi 45 kwa muuzaji fulani, rangi mupya, nyekundu ya kupendeza. Nilipima moteri, nilipima relevaji, yote muzuri, na niliona hata bomba za mpira zimepakwa rangi pamoja na chuma, nikacheka tu, nikasema fundi wa rangi alikuwa na haraka. Siku ya tatu mu sharu, nilikuwa nimesimama kando naona, nikasikia sauti sawa tawi linavunjika, na trakteri ikakaa chini katikati, pua juu kidogo na kiti juu kidogo, sawa ngamia. Imekatika. Trakteri za namna hii, Mama, hazina kadre chini sawa kamio, moteri na nyumba ya anbreyaji na giaboksi njo mugongo wenyewe, zinafungana kwa boloni. Ile nyumba ya anbreyaji ilikuwa na ufa wa zamani, balishonea kwa upande, balipaka mastiki, kisha rangi. Kidole changu kilipita pale mara mbili. Nilimurudishia mukiriya nusu ya makuta yangu ya kazi kwa miezi. Tangu siku ile nabebaka kitambaa na mazutu kidogo, nasafisha ile fasi, kushoto na kulia na chini, mpaka naona chuma. Muuzaji mwenye kukataza usafishe, umeisha kupata jibu.

Kuna bantu batakuambia tafuta trakteri "ya mine". Wakati Moïse Katumbi alikuwa gavana wa Katanga, 2007 mpaka 2015, kampuni za mines ziliambiwa zilime mahindi, na hadithi za trakteri zenye kulala bado zinazunguka mu mji. Ukipewa hadithi, omba karatasi. Hakuna karatasi, hakuna hadithi.

Na ukifikiri kuleta yako mwenyewe toka inje, sheria ya kilimo ya 2011 inaongea kuondolea ushuru bifaa bya mulimi, lakini kutoka ku sheria mpaka ku mupaka kuna barabara ndefu, na dola 9000 haina nguvu ya kungojea mu paki. Lipa deklarani, ule mutu wa kukupitishia bintu ku ushuru, mbele ya kulipa trakteri, akuandikie yote ku karatasi moja, ama uache.

Ukinunua kifaa kando, pima pini. Trakteri za hii saizi zinabeba pini za chini za milimeta 22, na kubwa zaidi milimeta 28. Nimeona mutu ananunua sharu ya bei muzuri sana Kipushi, anaifikisha nyumbani, haiingii, anaanza kushonea bushi za kienyeji. Beba pini yako mu sakoshi.

Shofere atakuwa nani, hukuniambia. Kama ni ule mutoto wa yaya, mufundishe bintu bibili mbele ya yote. Kisiki hakivutwi kamwe na kamba ya kufunga juu, ku ule mukono wa juu wa relevaji. Kamba inafungwa chini, ku chuma cha kuvutia. Ukifunga juu, kisiki kikikataa, pua ya trakteri inapanda na inamulalia shofere mu sekunde moja na nusu, hana wakati wa kufika ku anbreyaji. Njo maana ukiona trakteri mbili zinafanana na moja iko na arso ya chuma nyuma ya kiti, ule upinde wa kukinga shofere ikipinduka, ongeza hata dola 200 kwa ile. Ya pili ni kardani. Isizunguke bila kifuniko chake, na mutu wa kikwembe asisogee, wewe wa kwanza. Inazunguka mara 540 kwa dakika, ni mara tisa kwa sekunde moja. Haikati kitambaa, inakikunja, na mwenye kitambaa anafuata.

Mazutu ya bido, ile ya kununua barabarani, uiache ilale usiku mzima, kisha uvute ya juu, ile ya chini uwachie mwenye kusafisha piesi. Pompe ya inyeksio ikikunywa maji, ile moja na nusu yenye nilikuambia ilale itaamka yote siku moja.

Basi, jibu lako. Kale ka Japani ningekuambia ndiyo kama ungekuwa na hekta mbili za mboga mu dembo, karibu na Kafubu, udongo mweusi laini bila kisiki. Kwa mahindi ya Kasenga, hapana, hata akikuachia kwa 4500. Ya India, ndiyo, kama moteri inaamka ya baridi, kama hakuna ufa, kama piesi tatu kwa tano zinapatikana, na kama anashuka mpaka 6000. Mupatie 5500 kwanza, umuoneshe makuta ku mikono, unyamaze. Asiposhuka, mwaka huu lipia trakteri ya mutu hekta sita tu, zile za udongo muzuri, zingine ulime na jembe sawa kawaida, na 9000 isiguswe mpaka mwezi wa kwanza. Na usikubali kuunganisha makuta na jirani mbele ya kuandikiana nani analima siku gani. Nimeona undugu unaishia ku mvua ya kwanza, bote babili bako na shamba, trakteri iko moja.

Ile ya farasi 40 iko fasi gani? Kama ni upande wa Ruashi ama Kampemba niambie siku, nitakuja na jeki na kitambaa changu. Ile chai ya kungojea relevaji, Mama, ni ya kwako.